Fundo la Mkono Mwingine

"Safu ya sabini na tatu, uzi wa kumi na nane." Kidole alilipapasa tumbo la fundo, akalibana kidogo, akaliachia. "Limekaza."

"Limekaza," alirudia shemeji yake nyuma yake, na kalamu ikakwaruza daftari.

"Wa kumi na tisa. Limekaza."

"Limekaza. Taratibu basi, wino wenyewe haujakauka. Homa imekutoka juzi tu, leo unakimbia kama mtu aliyeacha chungu motoni."

Kidole alitabasamu bila kugeuka. Kwa miaka ishirini na miwili wawili hao walikuwa wameusoma Ukuta wa Viapo pamoja, mmoja akigusa, mwingine akiandika, na kwa miaka yote hiyo shemeji yake hakuwahi kuandika safu moja bila kuitilia mzaha. Ndiyo maana walinzi wenzao walimwita Kicheko. Kidole naye alipewa jina lake kwa sababu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho watu walisema kingeweza kuhesabu mbegu ndani ya tunda lisilopasuliwa.

Katika mji ule kila mwenye ufundi, kabla ya kuruhusiwa kuishika kazi yake, aliingia katika ukumbi wa Ukuta, akaapa mbele ya Msokotaji aliyeisokota dunia, kisha akafunga uzi kwenye msumari wake kwa mikono yake mwenyewe. Fundo lilibaki limekaza muda wote aliposhika kiapo. Siku alipokivunja, lililegea lenyewe pasipo kuguswa na mtu, hata kama mwenyewe alikuwa safarini mwendo wa miezi mitatu. Jicho halikuweza kulitambua fundo lililolegea. Kidole ndicho kilichojua. Kwa hiyo walinzi walipita msumari kwa msumari, safu tatu kwa siku, siku arobaini hadi safu mia moja na ishirini zimalizike, kisha wakaanza upya. Ambaye fundo lake lililegea alifuatwa kwake kabla jua halijatua.

Sheria ya kugusa ilikuwa moja, nayo ilifundishwa siku ya kwanza kabisa. Mlinzi hugusa tumbo la fundo tu. Ule uzi unaobaki ukining'inia, mkia, ni wa Msokotaji. Mkono wa binadamu haufiki huko.

"Wa ishirini," alisema Kidole.

Siku sita za kulala kitandani zilikuwa zimekitoa kidole kwenye mazoea. Kilitua chini kidogo ya pale kilipozoea kutua, kikateleza, kikagusa mahali ambapo mkia ungepaswa kuning'inia. Mkia haukuwapo. Ulikuwa umezungushwa mara mbili na kuchomekwa chini ya tumbo la fundo, nadhifu, kama mtoto aliyefunikwa shuka.

Kidole alisimama. Alilijua fundo lile. Hakulijua kutoka ukutani. Alilijua kutoka kwenye mfuko wa mkate waliokula pamoja kila mchana, kutoka kwenye kamba za viatu alizoziona zikifungwa asubuhi elfu saba, kutoka kwenye bendeji aliyofungwa begani mwaka ule mwizi wa farasi alipomchoma kisu. Mtu mmoja tu chini ya jua alifunga hivyo.

"Vipi, umelala?" aliuliza Kicheko.

"Limekaza," alisema Kidole.

"Limekaza," Kicheko aliandika.

Uzi wa ishirini wa safu ya sabini na tatu ulikuwa wa fundi mwashi aliyejenga paa la soko.

*

Paa hilo lilikuwa limeanguka siku kumi na mbili nyuma, asubuhi ya mvua, likaua watu tisa. Mkuu wa Ukuta alikwenda mwenyewe kuligusa fundo la mwashi mbele ya umati, akatangaza kwamba limekaza. Basi mwashi alijenga kwa haki, na kama alijenga kwa haki, kosa lilikuwa la mwingine. Walimtafuta mwingine wakampata. Msimamizi wa soko alikuwa amewaacha wachuuzi wapandishe magunia juu ya boriti. Yeye hakuwa na uzi ukutani wa kumtetea, kwa kuwa msimamizi si fundi. Ni kibarua wa siku. Alihukumiwa kwenda mashimo ya chumvi, na gari la kumchukua lilikuwa lifike kesho kutwa. Watu hawakurudi kutoka mashimo ya chumvi.

Mchana ilikuwa zamu ya Kidole kumpelekea chakula katika chumba cha chini. Msimamizi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, sauti ya kuzoea kelele za soko. Aliupokea mkate, akaugonga ukutani mara mbili.

"Mzee wangu," alisema, "huu mkate ungewekwa kuwa boriti, leo tungekuwa wote sokoni."

Kidole hakucheka. Msimamizi aliketi, akaanza kuumega kwa shida.

"Nikuulize kitu, mzee. Usinijibu kama hutaki. Magunia yale ni manne. Mwaka jana, juu ya paa la zamani, yalikaa kumi na moja. Nimelala hapa nikihesabu. Manne hayavunji boriti, au yanavunja?"

"Mimi si mwashi," alisema Kidole.

"Hata mimi. Lakini fundo limesema." Alitafuna kwa muda. "Mimi silaumu fundo. Fundo halina ndugu wala rafiki, ndiyo maana tunaliamini. Nadhani yale magunia yalikuwa mazito kuliko nilivyoona. Ndiyo, nadhani ni hivyo. Ukikutana na binti yangu pale mlangoni mwambie nimekula nikashiba."

Kidole alipanda ngazi taratibu akishika ukuta. Mlangoni binti yule alikuwapo, mwanamke mzima mwenye kapu tupu. Alimwambia kwamba baba yake amekula akashiba, na binti akashukuru mara tatu.

*

Haikuwa desturi ya Kidole kuhukumu kwa uzi mmoja. Alijiambia kwamba pengine na mwashi naye hufunga vile. Watu ni wengi, na namna za kufunga uzi si nyingi. Alasiri, Kicheko alipokwenda kujaza mafuta ya taa, Kidole alirudi ukumbini peke yake, akachagua nyuzi bila mpango, akagusa mikia. Mwoka mikate, safu ya tisa: mkia unaning'inia. Mganga wa mifugo, safu ya thelathini: unaning'inia. Mchimba visima, safu ya arobaini na nne: umezungushwa mara mbili, umechomekwa chini. Mfua kufuli, safu ya hamsini: umechomekwa. Muuza dawa: umechomekwa.

Kicheko ndiye aliyewahi kufika kila siku. Aliwasha taa za safu watakazosoma, peke yake, nusu saa kabla ya wengine. Wote walimsifu kwa bidii hiyo, na aliyemsifu zaidi alikuwa Kidole.

Mwisho alikwenda safu ya kwanza, ambako walinzi wenyewe walifunga viapo vyao. Mlinzi hasomi safu ya kwanza. Huisoma Mkuu, mara moja kwa mwaka. Kidole alisimama mbele ya uzi wake mwenyewe kwa muda mrefu. Hakujua alichokuwa akikitafuta. Alinyoosha mkono, akagusa.

Mkia ulikuwa umezungushwa mara mbili, ukachomekwa chini ya tumbo la fundo.

*

Alimkuta Kicheko katika chumba cha kuvulia majoho, ameketi kwenye benchi akifungua kamba za viatu.

"Shemeji."

"Naam, shemeji. Mbona umepauka hivyo? Homa imerudi?"

"Nimegusa mikia."

Kicheko alicheka kwa mazoea. Aliinama tena kwenye kiatu. "Mikia ya nani?"

"Ya mwashi. Ya mchimba visima. Na ya wengine. Na yangu."

Kicheko aliiachia kamba ya kiatu.

"Ya kwako ndiyo ya kwanza," alisema. Hakuinua kichwa. "Unakumbuka siku ya mtoto?"

Kidole aliikumbuka. Mtu hasahau siku ya namna hiyo, ila huikunja akaiweka mbali. Ilikuwa miaka kumi na miwili nyuma. Binti wa Kidole, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa mgonjwa, na mjumbe alikuja asubuhi kusema kwamba hali yake imekuwa mbaya. Mlinzi haruhusiwi kuacha safu zake bila kuzisoma. Basi Kidole alisimama mbele ya safu tatu, mikono mifukoni, akazitaja zote kwa kichwa, limekaza, limekaza, limekaza, asiguse hata uzi mmoja, na Kicheko akaandika bila kuuliza. Kisha Kidole alikimbia. Alimkuta binti yake bado hai. Alipata saa moja naye. Alimshika mkono saa nzima.

"Kesho yake nilipita safu ya kwanza kuwasha taa," alisema Kicheko. "Nikaugusa uzi wako. Ulikuwa umelegea kama kamba ya ng'ombe. Na ilikuwa wiki ya Mkuu kusoma. Ningefanyaje? Tumezika mtoto Jumanne, Alhamisi nimpeleke dada yangu kumtazama mumewe akivuliwa joho? Nikalifunga. Nilidhani mbingu itaniangukia. Haikuanguka, shemeji. Hilo ndilo tatizo. Haikuanguka."

"Na wengine?"

"Alikuja mama mmoja mshona viatu, mjane. Alikuwa ameshona ngozi mbovu kwa sababu wanawe walilala njaa. Nilimwonea huruma. Halafu alikuja mtu aliyemjua yule mama. Mwanzoni walikuja na machozi. Baadaye wakaanza kuja na vitu."

"Mwashi alikuja na nini?"

"Kipande cha shamba. Kile cha mtoni."

"Alikuja kabla ya paa kuanguka?"

"Miezi miwili kabla. Alisema mchanga ulizidi, chokaa ikapungua. Aliniapia kwamba atalirekebisha kabla ya mvua."

"Mvua ikaja."

"Ikaja mapema mwaka huu," alisema Kicheko, na sauti yake ikawa ndogo sana. "Kila mtu anajua ilikuja mapema."

Kidole aliketi kwenye benchi kando yake, kwa sababu hapo ndipo alipoketi kila siku. Mabega yao yaligusana.

"Yule mtu wa chini anaondoka kesho kutwa," alisema.

"Najua."

"Ana binti."

"Najua, shemeji! Unadhani mimi hulala?" Kicheko alijifuta uso kwa mkono. "Sikiliza. Huna haja hata ya kusema uongo. Tumbo limekaza. Ukisema limekaza, umesema kweli. Mkia hauulizwi. Ukisema habari za mkia, kwanza utaulizwa kwa nini uliugusa, pili utaanza na wa kwako. Watakuvua joho. Na lile fundo letu wawili, je?"

Alimaanisha fundo la jozi. Walinzi wawili walipounganishwa kazini, walifunga uzi mmoja, kila mtu akivuta ncha yake, wakaapa kwamba hakuna atakayemwacha mwenzake gizani. Lilikuwa safu ya kwanza, kando ya nyuzi zao.

"Na kiapo changu kingine je?" alisema Kidole. "Nitasema kile ambacho kidole changu kinakijua. Ndivyo nilivyoapa. Sikuapa kusema kuhusu tumbo tu."

Kicheko alimaliza kufungua viatu, akavivaa vingine, akazifunga kamba zake kwa namna ile ile, na Kidole akageuza uso.

*

Nyumbani mkewe alikuwa akichagua mawe kwenye nafaka, mlangoni, akitumia mwanga wa mwisho wa jua. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho, na vidole vyake havikuacha kuchagua.

"Huyo ni kaka yangu," alisema.

"Najua."

"Baba alipokufa, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Nilikuwa na miaka minne."

"Najua, mke wangu."

"Basi unataka nikuambie nini? Nikikuambia nyamaza, nitakuwa nimemuua mtu wa watu. Nikikuambia sema, nitakuwa nimemuua wangu. Usiniulize mimi." Alitupa jiwe uani. "Lakini nakuomba jambo moja. Ukienda kusema, usiseme uliongopa kwa ajili ya mtoto. Sema uliongopa, basi. Mtoto mwache apumzike."

Kidole aliitikia kwa kichwa. Aliketi chini karibu naye, akachukua konzi ya nafaka, akaanza kuchagua naye. Alipotazama baada ya muda aliona kwamba mkewe alikuwa ameacha kutenganisha: mawe na nafaka vyote alikuwa akivirudisha katika ungo mmoja.

*

Asubuhi Mkuu wa Ukuta, mwanamke mrefu mwenye kikohozi cha siku nyingi, alimsikiliza akiwa amesimama. Kidole alisema kila kitu kwa mpangilio, kama anayesoma safu. Alianza na siku aliyotaja nyuzi bila kuzigusa. Hakumtaja mtoto.

"Kwa nini uliongopa siku hiyo?" aliuliza Mkuu.

"Niliongopa, Mkuu. Hiyo ndiyo habari."

Mkuu alimtazama sana. Alikuwapo kwenye maziko yale. Pengine alikumbuka tarehe. Hakuuliza tena. Alisema tu, "Vua joho."

Kidole alivua. Kicheko aliletwa akiwa katikati ya walinzi wawili, na yeye hakungoja kuambiwa avue joho. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya daftari.

"Sheria iko wazi," alisema Mkuu. "Ukuta ukitiliwa shaka, husomwa wote upya kuanzia safu ya kwanza, na hukumu yoyote iliyotokana nao inasimamishwa mpaka usomaji uishe. Gari la chumvi lirudishwe. Sasa niambieni, nani atausoma? Nani mwingine anaujua mkono wa mtu huyu?"

Walinzi walitazamana. Walikuwa wamefundishwa kugusa matumbo. Mikia ya watu elfu kadhaa hakuna aliyewahi kuijua.

"Basi atausoma huyu huyu," alisema Mkuu, "bila joho. Na nitaandika mwenyewe. Msokotaji atatusamehe kwa mikia, au asitusamehe."

Walianza. Kidole alikuwa amevaa shati la nyumbani, na kidole chake kilikuwa baridi.

"Safu ya kwanza, uzi wa tano. Wangu. Tumbo limekaza. Mkono si wangu."

Mkuu aliandika polepole. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa.

"Uzi wa sita. Wa shemeji yangu. Tumbo limekaza." Aligusa mkia, ingawa hakukuwa na haja. Kila mtu hufunga uzi wake kwa mkono wake, na hapa mkono ulikuwa ule ule. Kidole hakikuweza kujua umefungwa mara ngapi. "Mkono ni wake. Zaidi ya hapo sijui."

"Mara tatu," alisema Kicheko kutoka kwenye benchi alikowekwa. "Andika mara tatu, Mkuu."

Uzi wa saba ulikuwa wa wawili. Kidole alikuwa amekesha akiuogopa. Alilishika tumbo la fundo kati ya vidole viwili na halikumpinga hata kidogo. Lilikuwa laini kama sufi. Mkia mmoja uliangukia upande huu, mwingine upande ule, na hakuna aliyewahi kuigusa. Hakuweza kujua lililegea lini. Huenda lililegea dakika ile alipofungua mdomo mbele ya Mkuu. Huenda lilikuwa limelegea miaka kumi na miwili, tangu asubuhi mmoja wao alipoamua kumbebea mwenzake siri bila kumwambia, na Mkuu, kwa kikohozi chake na haraka yake, hakulibana vya kutosha. Alitaka kugeuka amuulize shemeji yake anaonaje.

"Limelegea," alisema.

Kalamu ya Mkuu ilikwaruza.

Waliendelea. Safu ya pili, ya tatu, ya nne. Mwoka mikate, mkono wake. Msaga nafaka, mkono wake. Mpima mizani, mkono si wake. Na mlangoni walinzi wawili walivaa kofia wakatoka kwenda kumtafuta mpima mizani. Habari ilikuwa imeenea mjini, na watu walijaa uani kimya, kila mmoja akisikiliza kama msumari wake utatajwa. Miongoni mwao Kidole aliona kapu analolijua. Mchana alishuka na mkate kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpa mwingine zamu yake.

"Naambiwa gari limegeuzwa njiani," alisema msimamizi wa soko. Aliushika mkate kwa mikono miwili, hakuugonga ukutani. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda mahali. "Mpaka msome wote. Wote ni wangapi, mzee?"

"Safu mia moja na ishirini. Wa mwashi ni wa sabini na tatu."

"Na mkifika hapo?"

"Nitasema ninachojua."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akauliza, kwa kusitasita, kama mtu anayeogopa kuonekana mlafi, "Ni kweli basi? Magunia manne hayavunji?"

"Hayavunji," alisema Kidole, na mtu yule akafunika uso kwa mkate wake akalia.

Kufikia jioni walikuwa safu ya kumi na nne, kazi ya siku karibu tano iliyoshindiliwa katika moja. Ngozi ya kidole ilikuwa imechubuka na kuvimba, na mara mbili Kidole alirudia uzi mmoja kwa sababu hakusikia kitu. Mara ya pili, sauti kutoka kwenye benchi ilisema taratibu, "Huo ni mkono wangu. Endelea." Mkuu aliinua macho, akafikiri, akaandika.

"Inatosha," alisema baadaye, akifunga wino. "Kidole kilichochoka ni kama shahidi mlevi. Tutaendelea kesho, safu ya kumi na tano."

Mke wa Kidole alikuwa amesimama kwenye mlango wa nje na vifurushi viwili vya chakula. Kimoja alimpa mlinzi, akamwonesha kwa kidevu kaka yake. Cha pili alibaki nacho, akasubiri, akitazama barabara.

Kicheko aliinuliwa kutoka kwenye benchi. Alipopita mbele ya safu ya kumi na tano alipunguza mwendo, na walinzi, ambao hadi jana walikuwa wakicheka mizaha yake, walimwacha apunguze.

"Shemeji," alisema. "Kidole chako kimeumia. Kesho anza na uzi wa tisa. Kabla ya hapo sikugusa chochote, haki ya Msokotaji."

Kidole alikuwa akiosha mkono katika bakuli. Aliangalia maji, yaliyokuwa yameanza kupata rangi nyekundu hafifu. Alitamani sana kumwamini.

"Nitaanza na wa kwanza," alisema.